Fundi Mfaume na Darubini ya Bei ya Kuku Watatu

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa bara, kwenye njia ya misafara, aliishi mja mwema aliyeitwa Fundi Mfaume, Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa na miwani. Alikuwa mcha Mungu, mwenye kuhifadhi sala zake, mwenye mkono mwepesi kwa masikini. Ila alikuwa na upungufu mmoja, na wanaomsimulia hawaufichi: watu walikuwa wakimchosha upesi.

Na kusema kweli, watu wa mji ule walikuwa wanachosha. Kila mwaka, ikifika tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani, waligombania mwezi. Mtaa wa juu wanasema wameuona, mtaa wa chini wanasema lile lilikuwa wingu. Mwaka uliotangulia nusu ya mji ilisali Idi na nusu nyingine ilikuwa imefunga, na ndugu wa tumbo moja walipishana njiani bila kupeana salamu, mmoja na kanzu mpya, mwingine na midomo mikavu. Kadhi wao, Sheikh Muhidini, alikuwa mgonjwa wiki nzima kwa ajili ya fedheha ile.

Ndipo Mzee Feruzi, msimamizi wa msikiti, alipokuja na dawa yake. Alinunua kwa mchuuzi wa msafara darubini ndogo ya macho mawili, ya kuenea kiganjani, kwa bei ya kuku watatu. Akampelekea Fundi Mfaume aikague, maana mjini hapakuwa na mwingine aliyejua mambo ya vioo. Ilikuwa mchana wa Ramadhani, jua linachoma, na meza ya fundi imejaa saa zilizofunguliwa.

"Fundi, nitazamie kama inafaa," akasema Mzee Feruzi. Nyuma yake walikuwa wamekuja watu saba kusikiliza, ambao hakuna aliyewaita.

Fundi Mfaume alianza kwa haki. Aliitikisa karibu na sikio, asikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Akaishika mbali na uso, akavitazama viduara viwili vya mwanga vinavyotokea kwenye vioo vya kutazamia, kama ni duara kamili au vimekatwa pembeni. Kisha akaielekeza kwenye paa la msikiti, akafumba jicho hili, akafumba na lile, aone kama paa linahama mahali pake. Kwa kitu cha bei rahisi, haikuwa mbaya. Lilibaki jaribio la mwisho, nalo ni kuiingiza chumba chenye giza, kuweka taa ubavuni mwake na kutazama ukuta mtupu, kwa sababu mkwaruzo wa kioo cha ndani hujificha mchana, ukaja kung'aa mwanga unapopungua.

"Fundi, tumekuletea darubini, hatukukuletea bibi harusi," akasema Mzee Feruzi. "Utaipekua mpaka lini?"

Wale saba wakacheka. Mmoja akasema babu yake aliuona mwezi kwa macho matupu miaka themanini na hakuhitaji vioo. Mwingine akauliza kama chombo kile kingeweza kumwonyesha ng'ombe wake aliyepotea. Fundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Alikuwa amefunga, ana kiu, ana kazi za watu mezani, na waja hawa wamemzibia mwanga wote.

"Chukueni," akasema. "Inafaa."

Wakaondoka kwa furaha, naye akamshukuru Mungu kwa kuwaona migongo. Shukrani hiyo ndiyo aliyokuja kuiombea toba.

Jioni ya tarehe ishirini na tisa, Mzee Feruzi na shemeji yake, Chande, walipanda kilimani na darubini yao. Jua lilipozama, Mzee Feruzi alitazama akauona mwezi. Akampa Chande, naye akauona. Walikuwa waadilifu wote wawili, watu wa safu ya mbele, wasiojulikana kwa uongo. Wakashuka mbio kwa Kadhi, wakatoa ushahidi, na Kadhi akaupokea. Ngoma ya Idi ikapigwa. Mbuzi wakaanza kukamatwa, na kila nyumba ikanukia iliki.

Mzee Feruzi alipita mlangoni kwa Fundi Mfaume kumpa mkono wa Idi. "Mungu akulipe heri, Fundi. Tumeuona waziwazi, mwembamba, pembe zake zimetazama chini."

"Chini?"

"Chini kabisa. Muulize Chande."

"Mzee wangu, mwezi mwandamo pembe zake hutazama juu, mbali na jua lilikozama. Tangu lini ukatazama chini?"

"Labda kioo kimeupindua," akasema Mzee Feruzi, na akaenda zake kwa jirani.

Fundi Mfaume alibaki amesimama mlangoni. Alielewa palepale kilichotokea. Mashahidi walikuwa wawili, lakini kioo kilikuwa kimoja, na aliyekipitisha kioo hicho ni yeye. Akinyamaza, mji mzima utakula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya neno alilolitamka ili aachwe apumue. Akisema, nani atamletea tena saa yake fundi aliyeshindwa kuona mkwaruzo? Akamkasirikia Mzee Feruzi, akawakasirikia wale saba na mchuuzi wao, na mwisho akajikasirikia mwenyewe, na hasira hii ya mwisho ilikuwa chungu kuliko zote.

Mkewe, Bi Mize, alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. "Wewe uliwaambia inafaa?"

"Niliwaambia."

"Ulimaliza kuikagua?"

"Sikumaliza. Walinichosha."

"Basi nenda kaseme hivyo hivyo. Wali nitaufunika, tutaula daku."

Aliwakuta msikitini wamemaliza sala ya isha, wanaleta takbira. Akapita katikati ya safu, akasimama mbele ya Sheikh Muhidini, akaeleza mbele ya wote. Hakumtaja aliyemharakisha wala waliomcheka. Alisema tu kwamba aliulizwa, akajibu kabla ya kumaliza kazi, na kwamba lilibaki jaribio la taa gizani.

Ukazuka mnong'ono mbaya. "Fundi gani huyu, mchana inafaa, usiku haifai?" akasema mmoja. "Ngoma imeshapigwa," akasema mwingine. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Kadhi aliagiza darubini iletwe na taa zizimwe, ibaki moja ubavuni mwake. Akaishika darubini, akaielekeza kwenye ukuta wa kibla, akatazama kwa muda, kisha akamwita Mzee Feruzi na kumpa.

"Tazama, Mzee wangu. Unaona nini?"

Mzee Feruzi akatazama. "Ndio wenyewe, Sheikh," akasema kwa furaha. "Pembe chini, kama nilivyokwambia."

"Hapo ni ukutani, Mzee Feruzi," akasema Kadhi.

Mzee Feruzi aliishusha darubini taratibu, akaketi chini, akajifunika uso kwa kilemba. Kadhi akatangaza kwamba kesho ni siku ya thelathini ya Ramadhani, na kila mtu akaenda nyumbani kumwambia mkewe, jambo ambalo halikuwa jepesi.

Baada ya Idi walikutana kuchagua darubini nyingine. Wengi wakataka aitwe fundi wa mji wa pili, mtu ambaye hajawahi kukosea.

"Asiyewahi kukosea," akasema Sheikh Muhidini, "hatujui atafanya nini siku atakapokosea. Wa kwetu tumeshamjua." Na darubini mpya ikapelekwa kwa Fundi Mfaume, ikakaa kwake siku tatu, na hakuna aliyethubutu kwenda kuiulizia.

Ndugu zangu, nasi huulizwa. Huyu anauliza habari za mchumba, yule anauliza habari za kiwanja, na tumechoka, na tuna yetu, tukasema "inafaa" ili muulizaji aondoke mlangoni. Ukichoka, mwambie umechoka, aje kesho. Mungu atusamehe majibu tuliyokwisha kuyatoa, na atupe ujasiri wa kuyafuata yalikokwenda.