Kasuku Wasiotaga Mbele ya Baraza

"Shauri la Baraza Kuu juu ya Ndege Wawili wa Bustani na Kutotaga Kwao, Kikao cha Tisa."

Hapo zamani, katika mji wa Mkumbi, karani wa Sultani aitwaye Hemedi aliyasoma maneno hayo kwa sauti ya mtu anayetangaza vita. Mlangoni alikuwapo fukara mmoja, jina lake Vuai, mchonga mizinga ya nyuki, aliyekuja kuomba kibarua, naye akacheka.

"Nani huyo anayecheka?" akauliza Sultani.

"Ni mimi, Maulana. Nilidhani tisa ni idadi ya mayai."

Sultani yule alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na kasuku. Aliwajengea kizimba bustanini, kikubwa kuliko nyumba ya kadhi, nguzo za mvule na wavu wa shaba, wazi pande zote nne ili wapitao wastaajabu. Ndani paliwekwa sinia la fedha lenye mto wa hariri, mayai yapate pa kulala. Kila siku, mara tatu, siwa, baragumu la kifalme, hupigwa, karani na wazee wawili wa baraza huingia na daftari, huketi wakawakodolea kasuku macho saa nzima, kisha karani huandika: "Mayai: hakuna," akagonga mhuri. Kasuku nao walikwishaanza kujinyonyoa manyoya.

Basi Sultani akasema, "Kwa kuwa wewe umeona shauri hili la kuchekesha, nakupa wewe. Mwezi wa tatu toka leo ukiandama, pawe na mayai au makinda. Yasipokuwapo, nitajua kizimba ni kidogo. Tutakipanua, nacho kitapita hapo penye kibanda chako, nyuma ya ukuta wangu."

Kibanda kile Vuai alikijenga na mkewe Mize kwa udongo walioubeba vichwani, na hawakuwa na pengine pa kulaza mbavu. Hata hivyo akainama. "Nimesikia na nimetii. Naomba hati tu, Maulana, maana sura yangu ni ya kufukuzwa milangoni."

Karani Hemedi, aliyependa maneno kama wengine wapendavyo halua, akaandika: "Ndege hawa ni watu wa nyumba ya Sultani. Wao na Sultani watendewe sawasawa kwa kila jambo, pasipo kuzidisha wala kupunguza. Vuai asimamie, wala asizuiwe mlango wowote." Sultani akaipiga mhuri pasipo kuisoma, kwa kuwa chakula kilikuwa kinapoa.

Mize alipopata habari alishika kiuno. "Weye Vuai! Huwezi kucheka nyumbani kama watu?"

"Usihofu, mke wangu. Kasuku hawana kasoro. Nikienda msituni kukata magogo huwaona wenzao: hutafuta tundu lenye giza ndani ya mti, wakajitenga na ulimwengu. Hawa wamepewa sinia na karani."

Akachonga mzinga mzito wenye tundu dogo, akasuka na pazia la makuti la kuziba upande wa njia, akavipeleka bustanini. Karani akasimama mlangoni mwa kizimba.

"Yai likitagwa gogoni nitalihesabuje? Kazi yangu ni kuona."

"Basi tokeni siku chache tu, bwana karani."

"Tutoke, daftari libaki tupu?"

"Kwani sasa si tupu?"

"Tupu! Limeandikwa 'hakuna' mara elfu na zaidi!"

Siku kumi zikapita kwa mabishano hayo. Siku ya kumi na moja, adhuhuri, Vuai akaitoa hati. "Bwana karani, huu ni mwandiko wako?"

"Wangu, na wa kupendeza."

"Basi tuna kosa. Kasuku wana karani, wazee wawili na siwa. Na Sultani, aingiapo chumbani baada ya chakula kupumzika na Bibi, ana nani?"

"Hana mtu."

"Huoni amepunguziwa?"

Karani akaiva uso. Katika umri wake wote alikuwa hajapata kuacha hati bila kuitekeleza. Ikawa wakaongozana na wale wazee wawili, Vuai mbele na mpiga siwa nyuma. Walinzi wakauona mhuri, wakapisha. Siwa ikalia chumbani, wazee wakaketi miguuni pa kitanda, karani akafungua daftari, wote wakakodoa macho.

"Mmepatwa na nini?" akanguruma Sultani, shuka imemfika kidevuni.

"Hati, Maulana," akasema karani, huku akiandika. "Mayai: hakuna."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi, aliyejificha nyuma ya mto. Sultani akapiga kelele, "Mwanamume gani atakaa na mkewe hali baraza zima limemtolea macho?"

Vuai akapiga goti. "Maulana, kasuku wamelisema hilo mwaka mzima, ila daftari halina pa kuliandika."

Sultani akamtazama karani, akaitazama siwa, kisha akacheka hata kitanda kikalia. Siku ile ile mzinga ukatundikwa, pazia likafungwa, na watu wote wakapigwa marufuku kukaribia isipokuwa Vuai, mtia maji na mtama.

Mwezi wa tatu ulipoandama, karani akafika kibandani na watu wenye majembe, kwani hakuna wa baraza aliyeruhusiwa kuona yai, na daftari halikusema kitu. Mize akajilaza kizingitini. "Mnibomoe na mimi!"

Hapo akatokea Sultani, akavua makubadhi, akanyata peku hadi kizimbani, akatega sikio mzingani, akasikia sauti ndogo za makinda. Aliporudi kibandani, machozi yalimlenga. "Rudisheni majembe," akanong'ona, "na msikanyage kwa kishindo."

Baraza likaandika kwamba kwa juhudi za wajumbe, katika Kikao cha Kumi, shauri lilifanikiwa. Yaliyotukia hasa ni kwamba waliondoka, kasuku wakataga mayai matatu, mawili yakaanguliwa, na kibanda cha Mize hakikubomolewa.