Mkono wa Mwandishi Mzingani

Profesa Lukindo alinukuliwa katika elimu ya udongo, ya samaki, hata ya sheria za ndoa, kwa sababu kila mhadhiri wa chini yake alilazimika kutanguliza jina la Profesa katika makala zake. Ikafika zamu ya Sikudhani, aliyetafiti nyuki.

"Bila jina langu mbele," Profesa alimwambia, "mkataba wako sitausaini."

"Nitakuweka peke yako kabisa, Profesa. Mimi nani?"

Makala ikasifiwa, na wageni wakaja kumwona mwandishi. Sikudhani akawapeleka bustanini, kwenye mzinga uliozingirwa na nyuki.

"Umeandika kwamba unalina asali kwa mkono mtupu," mgeni mmoja alisema. "Tuonyeshe, Profesa."

Profesa akautazama mzinga, kisha vidole vyake.

"Kusema kweli, kazi hii yote ni ya Sikudhani. Andikeni jina lake. Hata mkataba wake nausaini sasa hivi."

Akausaini. Sikudhani akapandisha mkono wa gauni, akatia kiganja mzingani, akakitoa kikichuruzika asali.

"Hawakuumi?" Profesa akanong'ona.

"Nyuki hawa hawana mwiba, Profesa. Ndiyo sentensi ya kwanza ya makala yako."