Hodi ya Bibi Mwantumu

"Hodi isiyoitikiwa na jirani huitikiwa na mwizi." Mmeisikia leo kwa shangazi yenu, alipowagombeza kwa kumwacha mgeni wa jirani amesimama mlangoni bila jibu, nanyi mnataka kujua imetoka wapi. Sogeeni basi, mjifunike vizuri, maana huko ilikozaliwa kuna baridi.

Milimani Usambara palikuwa na mtaa ulioitwa Mikaratusi. Kila alasiri ukungu ulishuka kutoka msituni, ukapita kati ya nyumba polepole, mpaka mtu akawa haoni vidole vya mkono wake mwenyewe. Watu wa pale waliuzoea. Walijuana kwa sauti kuliko kwa sura. Mtu akipiga hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe, jirani ndiye aliyeitikia: "Karibu! Mwenyewe kaenda shamba. Nani mwenzetu?" Mgeni angejitaja, akaletewa kigoda na kikombe cha chai, akangoja.

Ndipo wizi ukaingia. Wakaanza kuibwa kuku, kisha nguo kambani, kisha baiskeli ya Mzee Shekiondo, balozi wa nyumba kumi, tena mchana kweupe. Watu wakaingiwa na hofu. Mwenye uwezo akajenga ukuta, asiye na uwezo akazungushia mabati. Na maneno yakaenea kwamba wezi hupiga hodi ili kupima: jirani akiitikia, wanajua mwenye nyumba hayupo. Wengine wakaongeza kwamba wezi hao huigiza hata sauti za wazee.

Balozi akaitisha kikao.

"Kuanzia leo," akasema, "hodi isiyopigwa kwako, usiiitikie. Nyamaza kabisa."

"Balozi, mimi kunyamaza siwezi," akasema Mama Hozza. "Nitavimba tumbo."

"Likivimba, unywe maji ya tangawizi."

Watu wakacheka, wakakubaliana. Mahija naye aliinua mkono. Alikuwa fundi cherehani, akiishi ukuta kwa ukuta na Mama Hozza, pamoja na mama yake mzazi, Bibi Mwantumu.

Bibi huyo alikuwa mzima wa mwili, ila kumbukumbu zake zilianza kumtoka kidogo kidogo. Kuna nyakati aliamka usingizini, asijue kama yuko ndani au nje. Basi angesimama uani kwake mwenyewe, nyuma ya geti lake mwenyewe, na kupiga hodi. Zamani Mama Hozza angemwitikia, "Karibu Bibi, kaa hapo hapo, nakuja!" kisha akaja kweli, na kiazi cha moto ndani ya kanga. Siku ile ya kikao hakuna aliyelikumbuka jambo hilo. Hata Mahija mwenyewe.

Alasiri moja Mahija alitoka kupeleka sare za shule alizoshona. Mama yake alikuwa amelala. Alimwamsha kidogo, akamwonyesha komeo la geti, akamwambia, "Nikitoka ufunge, mama. Usimfungulie mtu." Bibi akafunga, akarudi kulala.

Mahija aliporudi, ukungu ulikuwa umekwisha shuka. Akakuta geti liko wazi. Ndani, mahali pa cherehani palikuwa patupu. Hakupatazama mara mbili. Kitanda cha mama yake nacho kilikuwa kitupu.

Chini ya mtaa ule palikuwa na korongo lenye mto, lisilo na uzio. Mahija akatupa mkoba, akatoka mbio.

"Hodi! Mama Hozza! Hodi jamani!"

Kimya. Akaenda geti la pili, la tatu. Nyuma ya mabati alisikia mtu akipumua, mtoto akinyamazishwa. Ndipo, mahali fulani ndani ya weupe ule, akasikia sauti nyembamba, yenye adabu, kama ya msichana aliyetumwa chumvi:

"Hodi... Hodi wenyewe..."

"Mama! Simama hapo!"

Lakini sauti yake ilirudishwa na milima ikitokea pande zote, na mama yake hakusimama. Mtu aliyelelewa vizuri akipiga hodi asijibiwe, hasubiri. Huenda nyumba nyingine. "Hodi..." ikasikika tena, mbali zaidi, upande wa korongo.

Mahija akaelewa. Mama yake hakuwa akitafuta mtoto wala nyumba. Alikuwa akitafuta jibu. Akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote:

"Karibu! Karibu, mama! Karibu!"

Geti likalia nyuma yake. Mama Hozza akatoka, kanga imemkaa upande, akajiunga naye: "Karibu Bibi! Karibu!" Geti la tatu likafunguka. Mzee Shekiondo akatoka na mkongojo wake. "Karibu ndani! Karibu!" Mtaa mzima ukaitika, mlango kwa mlango, hata kwenye ule ukungu njia ikajulikana, imetandikwa kwa sauti za watu.

Wakasikia ndala zikiburuzwa. Bibi Mwantumu akatokea taratibu, akiitika kila geti alipolipita, "Starehe, wanangu, starehe," mpaka akafika kifuani pa binti yake. Upindo wa kanga yake ulikuwa umelowa tope la ukingoni mwa korongo.

"Nani alikufungulia, mama?" Mahija aliuliza huku akimpangusa.

"Nilipiga hodi sana, mwanangu. Nikamsikia Mama Hozza anakohoa, hakuniitikia. Nikadhani nimemuudhi." Mama Hozza akajifunika uso. "Basi kijana mmoja akaniambia kwa nje, 'Karibu bibi, vuta komeo.' Nikavuta. Kijana mzuri, alinivalisha ndala. Akaingia yeye, nikatoka mimi."

Mama Hozza akamshika Bibi mkono.

"Niliisikia hodi yako, Bibi wangu. Nikasema ni mwizi anaigiza."

"Kumbe mwizi hakupiga hodi," akasema Mzee Shekiondo kwa sauti ya chini. "Mwizi aliitikia. Sisi ndio tuliomwachia neno letu."

Cherehani hakikuonekana tena. Mahija alishonea cha Mama Hozza, kilichokaa bure miaka mingi chini ya shuka, na hakuna aliyemtajia kodi. Kuta zilibaki, lakini tangu alasiri ile kila hodi ya Mikaratusi ilipata "Karibu, nani mwenzetu?" kutoka madirisha matatu kwa pamoja, na wezi, ambao hawapendi kuulizwa majina, wakatafuta mtaa mwingine. Bibi Mwantumu aliendelea kupiga hodi kwake mwenyewe mpaka siku zake zilipotimia, na hakuna hata hodi moja iliyoanguka chini bila jibu.

Basi, wajukuu zangu, mkisikia mtu amesimama kwa jirani, msiseme si kwetu. Hodi isiyoitikiwa na jirani huitikiwa na mwizi.