Kiboko na Keria Isiyoharibu Gari

Haya jamani, mpo?
Tupo!
Mmekaa au mmeegemea?
Tumekaa, masikio yameegemea kwako!
Basi pokeeni hii, imetoka bondeni, ina tope bado.

Alikuwepo Kiboko, ana gari. Bonde zima gari lilikuwa lake tu, wengine walikuwa na baiskeli. Na soko lilikuwa juu mlimani, mlima mkali, baiskeli haipandi. Basi siku ya soko Kiboko anawapandisha: wao ndani, baiskeli zao nyuma kwenye keria ya chuma. Sharti moja tu. "Baiskeli ikikwaruza gari langu, baiskeli ni yangu."

Na keria yenyewe nondo tupu! Gari likiingia shimoni, kwaruu! Kiboko anashuka, anainama, "Ahaa! Mkwaruzo huu hapa. Lete baiskeli." Soko hili ya Ngiri, kwaruu, lete. Soko lile ya Pundamilia, kwaruu, lete. Hata ya Kobe, kwaruu, lete. Mpaka uani kwake zikajaa baiskeli nane, na yeye hajui kuendesha hata moja.

Sasa sikilizeni taabu ilipoanzia. Gari lilichakaa kwa mikwaruzo mpaka Kiboko akaona aibu, akalipiga rangi mpya. Nyekundu, inang'aa, ukisogea unajiona meno. Akalipenda! Hata inzi asitue juu yake. Lakini baiskeli nazo bado anazitaka. Akakaa kwenye tope anawaza. "Gari lisipokwaruzwa, sipati baiskeli. Nikitaka baiskeli, gari likwaruzwe. Sasa mimi nataka nini?" Kichwa kikamzunguka, akazama, chubwi! Akaibuka, puuuh! Bado hajui.

Akaenda kwa Kakakuona, fundi wa vyuma.

"Nipe keria isiyoharibu gari."

"Zipo tatu, mzee. Hii inakaa juu ya paa."

"Haiharibu?"

"Haiharibu. Ila ukipita chini ya matawi, baiskeli zikinasa zinaondoka na paa."

"Eh! Na hii?"

"Inafungwa kwa mikanda kwenye buti. Haiharibu. Ila mchanga ukiingia chini ya mikanda unasugua rangi."

"Eh! Na hii?"

"Inachomekwa kwenye chuma cha kuvutia tela. Haigusi rangi kabisa. Ila gari lako halina hicho chuma."

"Sasa nichukue ipi?"

"Yoyote, mzee. Zote haziharibu."

Kiboko akatoka amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Njiani akakutana na Nguchiro, muuza mayai. Nguchiro alikuwa na baiskeli moja, ndiyo inayomlisha yeye na wanawe watano. Na siku ile ilikuwa ya soko. Alijua kabisa: akipanda gari la Kiboko, baiskeli hairudi.

"Shikamoo mzee Kiboko."

"Marahaba. Niache, nawaza keria."

"Keria? Mbona nimeokota karatasi ina picha ya keria! Ila mimi na kusoma wapi na wapi. Labda wewe msomi unisomee."

Msomi! Hapo ndipo alipompata. Maana Kiboko, na utu uzima wote ule, alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwezi uliopita tu. Alisoma kila kitu. Vibao, mifuko ya saruji, hata jina lake mlangoni, kila asubuhi, kwa sauti. Na Mwalimu Korongo aliwafundisha hivi: "Soma mstari mmoja. Fanya. Ndipo usome wa pili." Kiboko alilishika hilo barabara.

Na karatasi ile nani aliiandika? Nguchiro mwenyewe, jana yake, kwa mkaa, alipomsikia Kiboko akiwaza kwa sauti kwenye tope. Naye alisoma kisomo kilekile, dawati la mbele. Lakini alivyo mdogo, Kiboko aliyekaa nyuma hakuwahi kumwona.

Wakaenda uani. Kiboko akaweka kidole kwenye karatasi.

"Ke-ri-a i-si-yo-ha-ri-bu ga-ri. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Una sauti nzuri."

"Kwanza. Ng'oa chuma chote nyuma ya gari." Akang'oa, krakacha!

"Pili. Mwenye mgongo mpana asimame nyuma ya gari." Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama Nguchiro. Akasimama yeye.

"Tatu. Apakiwe baiskeli zote zilizopo. Zote? Kwa nini zote?"

"Mimi sijui, mzee. Msomi ni wewe."

Zikapakiwa zote nane, na ya Nguchiro ya tisa, zikafungwa mikanda tumboni kwa Kiboko.

"Nne. Mwepesi aendeshe. Aa, lakini gari ni langu!"

"Basi ingia uendeshe wewe, mzee, na hizo baiskeli mgongoni. Zitakwaruza kidogo tu."

"Hapana! Endesha wewe! Hapana, ngoja... Endesha!"

Wakaanza mlima. Gari mbele, ngrrr. Kiboko nyuma, puh, puh. Kengele mgongoni, kiringi, kiringi. Pedali mbavuni, kwaruu!

"Nguchirooo! Gari limekwaruzwa?"

"Halijakwaruzwa, mzee!"

Kona ya pili, kwaruu!

"Gari limekwaruzwa?"

"Hata alama!"

"Mbona nasikia maumivu?"

"Hiyo ni keria, mzee, siyo gari!"

Kiboko akafurahi. Halafu akaacha kufurahi. Halafu akasahau yeye yuko upande gani.

Sokoni walikuwepo wote: Ngiri, Pundamilia na wenzao waliopanda kwa miguu, na Kobe aliyeanza kutembea tangu soko lililopita. Mwalimu Korongo naye alikuwepo, ananunua dagaa. Akamwona Kiboko na karatasi yake.

"Mzee Kiboko! Bado unasoma?"

"Nasoma, mwalimu! Umebaki mstari mmoja."

"Tusomee basi, soko zima lisikie."

Utamkatalia mwalimu wako mbele za watu? Kiboko akasafisha koo, akanguruma: "Tano! Kila mwenye baiskeli... achukue... yake!"

"Safi kabisa!" akasema Korongo. "Na tukishasoma?"

Wanakisomo wakajibu kwa pamoja: "Tunafanya!"

Ngiri akachukua yake, kiringi. Pundamilia yake, kiringi. Kobe yake, kiringi. Mpaka mgongo wa Kiboko ukabaki mtupu, una mistari kama daftari. Nguchiro akamrudishia ufunguo.

"Ngoja kwanza," akasema Kiboko. "Gari limeharibika?"

"Halijaharibika."

"Keria nzuri?"

"Haijawahi kutokea."

"Nimesoma sawasawa?"

"Hukuruka hata neno, mzee."

"Basi mbona nimebaki sina baiskeli hata moja?"

Nguchiro akapandisha tenga la mayai kwenye baiskeli yake, akaidaka karatasi, akaipitia juu hadi chini kwa haraka, bila kidole.

"Hilo halikuandikwa hapa, mzee."

Akaondoka zake.

Funzo lake, lishikeni vizuri: karatasi usiisome yote kwanza, hiyo ni papara. Na ukienda kununua keria, ibonyeze uone kama ina ngozi nene.

Jamani, yangu imefika chini ya mlima!
Ina breki?
Inazo!
Basi isimame hapo hapo!