Kovu la Bibi Nanzighe

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzijuzi tu, maana simu za kupangusa zilikwishafika hata kwa wauza tangawizi, palikuwa na mama mmoja mlimani aitwaye Namkunda. Alikuwa amepika uji wa shule miaka kumi na tisa. Siku moja akavua aproni, akasema anakwenda kujifunza kupiga picha. Watu walicheka, weee! Akaingia studio ya Fundi Mrutu, akapewa kamera kuukuu na sheria moja: mteja haondoki na doa. Katika mji ule picha ilikuwa haijawa picha mpaka isafishwe kwenye kompyuta. Chunusi, futa. Kovu, futa. Mikunjo, futa nayo, hata kama mwenyewe ana miaka themanini.

Picha yake ya kwanza nzuri aliipiga gulioni. Alimkuta Bibi Nanzighe nyuma ya mafungu yake ya tangawizi, akambembeleza. Bibi huyu hakuwahi kupigwa picha hata mara moja, kwa sababu ya kovu la moto lililotambaa shavuni.

"Mwanangu, utapasua kamera ya watu," alisema.

"Bibi, mimi najifunza tu. Hata nikikosea, nani ataona?"

Bibi akacheka, na Namkunda akabonyeza hapo hapo.

Aliporudi studio akafanya kama alivyofundishwa. Alilifuta kovu polepole, kwa upendo kabisa. Jamani, msimlaumu haraka. Kompyuta ikamwuliza: nihifadhi juu ya ile ya zamani? Akabonyeza ndiyo. Kesho yake akafuta kila kitu kwenye kadi ya kamera ili apate nafasi ya harusi. Shavu la bibi likawa laini kama la msichana, na Fundi Mrutu akampongeza.

Wiki tatu baadaye Bibi Nanzighe akafariki.

Binti yake, Elieshi, akaja studio na mimba ya miezi saba. Alikuwa amesikia kwamba picha ya mama yake ipo. Namkunda akamkabidhi kwa mikono miwili. Elieshi akaitazama, akaitazama.

"Huyu ni mama mzuri sana, dada," alisema. "Lakini si mama yangu."

Akaangua kilio. Kovu lile mama yake alilipata siku alipojitupa kati yake na sufuria ya maji yaliyochemka, yeye akiwa na miaka miwili. Utotoni hakupata usingizi bila kuweka kidole pale shavuni.

"Nyumbani kwetu jina la mtoto hutolewa na bibi yake," alisema akijifuta machozi. "Sasa wangu hana bibi. Basi atakayenirudishia uso wa mama, huyo nitamweka mahali pa mama. Huyo ndiye atakayempa mwanangu jina."

Namkunda hakuwaza jina. Aliwaza kosa lake tu, hata chakula kikamshinda. Akachora kovu kwa kufuata maneno ya Elieshi. Elieshi akatikisa kichwa. Akachora la pili, akatikisa. La tatu, akatikisa. Angelijua akiliona, ila kulieleza hakuweza.

Ndipo Namkunda alipokwenda kwa Mkunde, msusi aliyemsuka bibi kila Jumamosi kwa miaka ishirini, akamweleza alichokifanya.

"Kaa chini!" Mkunde alifoka. "Nyie watu wa kompyuta mna akili gani? Mnamfuta mtu uso wake?"

Kisha akamshika kidevu, akaanza kumchorea kwa kidole kwenye shavu la Namkunda mwenyewe. Linaanzia hapa, kwenye mizizi ya nywele, ambapo msuko wa kwanza haukushika. Linapinda hapa. Linaishia hapa karibu na mdomo, na akicheka linavutwa juu. Alipofika hapo kidole kikasimama, machozi yakamtoka. Alikuwa hajamlilia shoga yake tangu mazishi.

Njia ya kovu sasa ilijulikana, ila rangi ya kuchora ilibaki rangi tu. Ilitakiwa ngozi ya kweli iliyoungua, ipigwe picha, kisha ihamishiwe shavuni. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja: Kadiva, mkaanga chipsi, aliyevaa mashati ya mikono mirefu jua na mvua. Mchumba wake alimkimbia kwa sababu ya mkono wake ulioungua. Namkunda akamweleza yote, na kosa lake hakulificha. Kadiva aliziopoa chipsi zilizokuwa kwenye mafuta. Kisha akazima jiko, akakunja mkono wa shati mpaka begani, wateja wote wakiangalia.

"Piga, mama. Piga upesi kabla sijaona haya."

Siku kumi na moja Namkunda aliishona ngozi ile kwenye shavu la bibi, kipande kwa kipande. Kisha Elieshi akaitwa. Alinyoosha kidole, akakiweka pale.

"Mama," alinong'ona. "Mama, umerudi."

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya kumpa jina wakafika watu watatu, kila mmoja na jina lake moyoni.

Mkunde akasema, "Uso ule ulikuwa umebaki kwenye vidole vyangu tu. Bila mimi mngechora mpaka leo. Nampa jina mimi."

Kadiva akasema, "Nyinyi mmetoa ujuzi, mimi nimetoa mwili. Ngozi anayoigusa Elieshi kila siku ni yangu, na mimi sina mtoto wa kumwita. Nampa jina mimi."

Namkunda alitaka kunyamaza. Mwenye kosa adai nini? Lakini mtoto akapiga mwayo mdogo, na moyo wake ukamshinda.

"Ni mimi niliyeharibu, sikatai," alisema. "Lakini bibi alicheka mbele yangu. Nisingembembeleza siku ile, leo mngekuwa na uso gani wa kurudisha? Naomba nimpe jina mimi."

Elieshi akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Wote aliwapenda, na jina ni moja.

Msinitazame mimi, kazi yangu ni kusimulia. Mtoto yuko kifuani kwa mama yake, mpaka sasa anaitwa Mtoto, na watu watatu wamenyoosha mikono kumpokea. Je, ungekuwa wewe ndiye Elieshi, ungemweka mikononi mwa nani?