Swali la Kumi na Saba

"Usipakue usichokionja." Ndivyo makamu mkuu wa shule alivyoandika kwa wino mwekundu juu ya karatasi yako ya maswali, Lugano, kisha akakurudishia bila maelezo. Sasa umekuja kwangu na mwenzako Nsajigwa, walimu wawili mlio kwenye mazoezi ya kufundisha, mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Mmeuliza mahali penyewe. Msemo huo ulizaliwa katika shule hiyohiyo mnayofundisha, kwenye foleni ya makande, na aliyeusababisha ni mimi. Kaeni. Sitauremba, maana humo ndani hakuna mahali ninapotoka vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwaka wangu wa pili kazini, nafundisha hisabati Kidato cha Pili. Kila Jumatano nilitoa kazi ya nyumbani ya maswali ishirini, irudi Ijumaa asubuhi. Wanafunzi waliniita Mwalimu Ishirini, nami nikadhani ni sifa. Wazazi wengine walinisifu kweli, wakisema kijana huyu hana mchezo. Sheria yangu ilikuwa fupi: ukishindwa mara tatu, unaondoka na barua na hurudi bila mzazi.

Maswali yenyewe niliyatunga saa ya chai, kikombe mkono huu, kalamu mkono huu. Nachukua swali la kitabu, nabadilisha namba, naendelea na linalofuata. Penye thelathini na sita naweka arobaini, basi. Sikuwahi kukaa nikayafanya. Niyafanye kwa nini, nami ndiye mwalimu?

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana anaitwa Subilaga. Alilelewa na baba yake mdogo, Asajile, mkulima wa chai, kilomita sita kutoka shuleni, na kilomita za huku kwetu Rungwe mnazijua, ni kupanda na kushuka. Asajile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mikono ya kuchuma haikutosha. Alikwisha kumwambia Subilaga kwamba akirudishwa nyumbani hata mara moja, shule imekwisha, atabeba kapu la chai. Sisi walimu tulilijua hilo. Mimi nililijua.

Mara ya kwanza Subilaga aliishia swali la kumi na moja. Mara ya pili akafika la kumi na nne. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia kumi na nne si ishirini, na kwamba amebakiza nafasi moja. Ijumaa iliyofuata alileta daftari lenye maswali yote. Nilipekua haraka, nikafika la kumi na saba, nikasimama hapo.

Swali lilikuwa hili: shamba la mstatili lina mzingo wa mita arobaini na eneo la mita za mraba mia moja na ishirini. Tafuta urefu na upana wake. Wanafunzi wengine wote thelathini na wanane walikuwa wameandika mita kumi na mbili kwa kumi. Subilaga alikuwa amejaza ukurasa mzima michoro ya mistatili, mirefu na mifupi, na chini yake ameandika maneno matatu: "Shamba hili halipo."

Niliona ni kiburi. Nilimuuliza nani kamfundisha kumjibu mwalimu namna ile, naye akasema amejaribu kila njia na shamba halikubali. Nikamwambia mbona wenzake wote limewakubali. Niliandika barua palepale, nikaikunja, nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akasema asante Mwalimu, akatoka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Neno lile la asante lingali linanikera mpaka leo.

Wiki hiyo nilikuwa mwalimu wa zamu. Desturi mnaijua: mwalimu wa zamu huonja chakula kabla mwanafunzi wa kwanza hajapakuliwa. Saa saba nikaenda jikoni, nikapewa makande kwenye kifuniko. Mahindi yalikuwa sawa, ila maharage yalikuwa na kiini kigumu. Nikasema hayajaiva, yarudi jikoni. Wanafunzi mia tatu walikuwa kwenye foleni na sahani zao, mvua inanyunya, njaa inawauma, nami nimesimama nimenyoosha mgongo kwa kujiona nimetimiza wajibu.

Mpishi wetu alikuwa Mama Tupokigwe, mwanamke wa maneno machache. Alirudisha kuni chini ya sufuria, akafuta mikono kwenye kanga, akanigeukia. Mkuu wa shule, Mwalimu Kajuni, mama wa Kyela, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale.

"Umesema kweli, Mwalimu, hayajaiva," Mama Tupokigwe akasema. "Mimi sipakui nisichokionja, na nikikosea kuonja, upo wewe. Sasa naomba nikuulize. Yule mtoto alipita hapa asubuhi na barua yako. Alikaa kwenye benchi langu akachora mashamba sakafuni kwa mkaa mpaka machozi yakamshinda. Lile swali ulilompakulia, nani alilionja?"

Nilitaka kucheka, nikaona Mkuu wa shule hacheki. Alinisogelea akaniuliza polepole kama swali lile nililifanya mwenyewe kabla ya kulitoa.

Nikasema ndiyo.

Ni uongo wa neno moja tu, lakini niliusema mbele ya shule nzima, na mara ulipotoka nikajua nimejifunga. Mwalimu Kajuni alitikisa kichwa kukubali. Akasema vizuri, basi wakati maharage yanaiva, Mwalimu atatuonyesha shamba hilo. Akaagiza ile kamba ya kupimia uwanja wa michezo, yenye fundo kila mita. Wakahesabu mafundo arobaini wakaunganisha ncha. Wanafunzi wanne wakashika pembe nne, katikati ya uwanja wenye tope, na wengine wote wakazunguka kutazama.

Akaamuru kumi na nane kwa mbili. Kiranja akazidisha kwa sauti: thelathini na sita. Kumi na tano kwa tano: sabini na tano. Namba ilikuwa inapanda, nami nikapata pumzi kidogo. Kumi na mbili kwa nane: tisini na sita. Nikajiambia bado hatua moja, itafika. Kumi kwa kumi: mia moja. Wanafunzi walikuwa wamesogea mpaka karibu wakanyage kamba. Mwalimu Kajuni akasema endeleeni. Tisa kwa kumi na moja. Kiranja akazidisha, akasita, akazidisha tena.

"Tisini na tisa, Madam," akasema. "Inashuka."

Kamba ilikuwa imekaza, na wale wanne wenye pembe wakawa wananitazama mimi, kana kwamba nina mafundo mengine mfukoni. Namba ilifika mia moja ikageuka. Hapakuwa na namna yoyote ya kuikunja kamba ile ikazaa mia moja na ishirini. Mwalimu Kajuni akamuuliza kiranja wamepataje kumi na mbili kwa kumi. Yule kijana alitazama viatu vyake akasema mmoja wao aliona kumi na mbili mara kumi ni mia moja na ishirini, akaishia hapo, na waliobaki walinakili asubuhi wakiwa njiani. Mita arobaini hawakuzigusa.

"Na wewe ukawapa vema wote thelathini na wanane," Mwalimu Kajuni aliniambia, kwa sauti ya chini iliyoniumiza kuliko ya juu. "Aliyelifanya swali kweli ni mmoja, naye umemfukuza. Uliniambia umelifanya."

Nikasema, "Sikulifanya, Madam. Samahani."

Alitazama saa yake akasema mtoto atakuwa amekwisha kufika kwao. Nilichukua baiskeli ya shule nikaondoka bila kula, daftari lake nimelifunika kwa koti. Mlimani niliisukuma, kwenye mteremko niliiachia mpaka breki zikanuka. Nilikuwa naomba jambo moja tu, kwamba awe ameogopa kuitoa ile barua.

Hakuogopa. Nilipofika saa tisa alikuwa katikati ya mistari ya chai, kapu mgongoni, sare ya shule bado mwilini. Asajile alikuwa ukingoni mwa shamba anamwaga majani kwenye gunia. Barua yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Nilimsalimu, akaitikia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mvuani: kwamba barua ile haina haki, swali lilikuwa bovu, mtoto alikuwa sahihi, na kosa ni langu. Nilitegemea atafurahi.

"Mwalimu," akasema, "mimi nikipeleka majani mabaya kituo cha kupimia chai, yanarudishwa siku hiyohiyo. Wewe umepeleka mabaya wiki ngapi?"

Ndipo Subilaga, ambaye alikuwa amesogea na kapu lake, akaniuliza kwa adabu kabisa kama yale mengine kumi na tisa niliyafanya. Nikasema hapana. Lile jibu lilikuwa gumu kulitoa kuliko kukiri mbele ya foleni, kwa sababu huyu alikuwa ameyafanya.

Asajile aligeuza ndoo, akaiweka mbele yangu. Akasema majani yanakwenda kupimwa saa kumi na moja. Niketi niyafanye maswali yangu yote ishirini. Nikiyamaliza kabla hajabeba gunia, Jumatatu mtoto anarudi shuleni.

Nikakaa. Nilikuwa na shahada na saa mbili, nikaona amenihurumia. Matano ya kwanza yakaenda haraka. La sita lilikuwa na sehemu nne ambazo sikukumbuka kuziweka. La tisa nililikosea, nikalirudia, nikalikosea tena kwa sababu namba niliyobadilisha ilizaa sehemu mbaya zisizogawanyika. Mvua ilidondoka kwenye karatasi. Sikio langu lilikuwa linasikia majani yakikatwa, tik, tik, tik, na kila mara gunia likishindiliwa nilijua muda umepungua. La kumi na mbili pekee lilinichukua robo saa. Sikuwa nafikiria hisabati tena, nilikuwa naomba gunia lisijae.

Asajile akaja akasimama juu yangu. Gunia lilikuwa limefungwa.

"Umefika la ngapi?"

Nilitazama chini. "La kumi na nne."

Subilaga aligeuza uso wake kwingine. Nafikiri alinionea haya.

"Hukuchota maji," Asajile akasema. "Hukuchuma, hukupika, hukutembea kilomita sita kwenda na sita kurudi. Umekaa tu, na maswali ni yako. Haya, mwenye kumi na nne kwenu mwishowe hufanywa nini?"

"Huwa anarudishwa nyumbani," nikasema.

"Basi rudi nyumbani, Mwalimu."

Alijitwika gunia akaondoka, na Subilaga akamfuata na kapu. Nami nikabaki na ndoo ile. Sina haja ya kuwaficha, nililia, mwanaume mzima kwenye shamba la chai la mtu. Jumamosi na Jumapili niliyafanya yote ishirini mezani kwangu. Mawili zaidi yalikuwa mabovu.

Jumatatu nilikuwa getini tangu saa kumi na mbili na nusu. Wanafunzi waliingia, kengele ikapigwa, gwaride likaisha, nikabaki pale. Saa mbili na robo nikawaona wanashuka kilimani, Asajile mbele, Subilaga nyuma, sare imefuliwa, vidole vina weusi wa chai. Asajile hakunisalimia. Alisema kwamba hakuja kama mzazi aliyeitwa na barua, amekuja kuona daftari la mwalimu, kama ishirini yametimia. Nilikuwa nalo. Alilishika juu chini, kwa maana kusoma kwake kulikuwa kwa shida, Subilaga akaligeuza taratibu, wakalipitia pamoja ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema mtoto ataingia darasani, na atakuwa anapita kila Jumatano kulitazama daftari hilo. Alipita kweli, mwaka mzima.

Tangu hapo nilitoa maswali matano. Nayafanya kwanza mimi, saa iko mezani, na yakinichukua dakika kumi na tano najua mtoto yatamchukua arobaini, baada ya maji na kuni. Nikaanza kusoma majibu badala ya kuhesabu vema. Mwalimu Kajuni alimwomba ruhusa Mama Tupokigwe, akaandika maneno yake ubaoni kwenye ofisi ya walimu, na wenyewe mnaona hayajafutwa. Walimu wakahama nayo shule nyingine, watu wakayachukua kwa mambo mengine ya maisha. Wengi hawajui kuwa yalitoka kwa mpishi.

Na Subilaga mnamfahamu. Ndiye makamu aliyekurudishia karatasi hiyo, Lugano. Kwa hiyo usidhani amekuonea.

Hebu nione. Maswali thelathini, umeyatoa kwenye vitabu viwili tofauti. Kuna hata shamba la mstatili humu. Chukua penseli hii, ukae pale mezani, na wewe Nsajigwa mshikie saa. Anza na la kwanza, mwanangu. Usipakue usichokionja.