Amina ya Mama Shukuru

Hapo kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kuamkiana kila asubuhi, Jumatano moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Shukuru alimtoa mwanawe kwa neno moja tu. Wala hakujua kwamba amemtoa.

Mama Shukuru alikuwa nyati. Pembe zake zilikuwa pana hata mlango wa kanisa la Bonde la Mkindu aliupita kwa ubavu. Kila asubuhi ibadani alikaa benchi la mbele, upande wa kulia, penye nguzo. Pembe ya kulia aliiegemeza kwenye nguzo, macho akayaacha wazi, akalala.

Ndiyo, macho wazi. Ukimtazama ungedhani anatafakari.

Hakuanza hivyo. Kwa miaka mingi hakuwa na mtoto. Siku zile alikuwa wa kwanza kufika, kwato zimelowa umande, akapiga magoti karibu na mlango na kuomba kwa maneno yake mwenyewe, mengine hayana hata mpangilio. Mungu akamsikia, akampa ndama, naye akamwita Shukuru. Mwaka wa kwanza alishukuru kila siku. Mwaka wa pili alishukuru Jumapili. Kisha wakampa benchi la mbele na kumwita mama wa kanisa, naye akaona kazi imekwisha.

Lakini Amina yake haikulala. Kila aliyekuwa akiomba alipotua kuvuta pumzi, kifua cha Mama Shukuru kilitoa "Amiiiina" nzito, benchi likatetemeka ndu ndu ndu, na wageni wakanong'ona, "Mama huyu ana moto."

Na katika bonde lile Amina haikuwa mchezo. Maana yake ilikuwa "na iwe hivyo." Mnyama akisimama ibadani kushukuru kwa jambo linalokuhusu, nawe ukaitikia ukiwa macho na unasikia, jambo limepita. Swala waligawana malisho hivyo. Ngedere walichumbiana hivyo. Hakuna aliyewahi kurudi nyuma.

Sasa Fisi alihamia bondeni wakati wa mvua, kitabu cha nyimbo kwapani. Alimwona Shukuru, amenona, ngozi inang'aa. Akaziona na pembe za mama yake. Kwa hiyo mlango wa nyati hakuusogelea hata mara moja. Alikwenda kanisani, akakaa, akaisikiliza ile Amina juma zima. Akaelewa kwamba nyumba ya nyati ina komeo mlangoni, lakini mdomoni haina.

Jumatano hiyo akaomba nafasi ya kushukuru.

"Bwana asifiwe," alisema kwa sauti laini.

"Amina."

"Nashukuru kwa mvua."

"Amiiiina," benchi likatetemeka.

"Nashukuru kwa majani."

"Amiiiina."

"Nashukuru kwa mama yetu huyu, nguzo ya kanisa."

"Amiiiina." Watoto waliokaa kwenye mkeka wakacheka, maana amejiitikia mwenyewe.

"Na nashukuru kwa kuwa mama yetu amenipa mwanawe Shukuru. Kesho baada ya ibada nimchukue, awe wangu."

"Amiiiina."

Puu. Kitabu cha mtu kilianguka. Kisha kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomwamsha Mama Shukuru. Aliona kanisa zima limemgeukia, na Shukuru amemkumbatia mguu.

"Mama, umenigawa?"

"Nimekugawa vipi, baba?"

Mchungaji wao alikuwa Korongo, aliyehubiri amesimama kwa mguu mmoja. Akaubadilisha mguu, kama afanyavyo akitatizika.

"Mama Shukuru, Ndugu Fisi ameshukuru kwamba umempa mtoto, nawe umeitikia. Nakuuliza mbele ya wote. Ulikuwa macho? Ulisikia?"

Hapo, wadogo zangu, neno moja la kweli lingemaliza yote. Lakini Mama Shukuru aliwaona watoto kwenye mkeka. Akawaona akina mama wanaomfuata kwa kila jambo. Ulimi ukamtangulia.

"Mimi nilale ibadani? Tangu lini? Nilikuwa macho, na nilisikia."

"Basi limepita," Fisi akasema taratibu. "Mwogeshe vizuri, mama. Nguo asibebe. Kwangu hatazihitaji."

Njiani kurudi nyumbani, Mama Shukuru aliandamana na jirani yake, Nguchiro. Huyu alikuwa mdogo, mwepesi, ana watoto sita wasiotulia. Kanisani alifika mwisho kila siku kwa sababu ya kuwaogesha, akakaa benchi la nyuma, kanga imelowa. Lakini kwa kuwa muda wake pale ulikuwa mfupi, hakuliacha hata neno limponyoke.

"Jirani, kwa nini hukusema ulikuwa umelala?"

"Mama wa kanisa aseme analala? Watoto wale watanitazamaje?"

"Afadhali waseme Mama Shukuru alikuwa analala kuliko waseme Mama Shukuru alikuwa na mtoto."

Nyati akasimama katikati ya njia. Moshi ulimtoka puani, fuu, fuu.

"Nitampasua kwa pembe huyo Fisi."

"Unaweza. Kisha ndoa za ngedere zivunjike, na swala waanze kugombania majani, maana utakuwa umewaonyesha kwamba Amina ni upepo tu. Ulimlilia mtoto huyu miaka mingapi?"

Mama Shukuru aliinamisha kichwa hadi pembe zikagusa majani.

"Sikiliza," Nguchiro akasema. "Mimi kesho nitamfungia Fisi mahali. Lakini patabaki kamlango kadogo, naye atakimbilia hapo. Kamlango hako ni wewe peke yako unayeweza kukafunga."

"Kamlango gani?"

"Utakaona. Wewe kesho uwe macho, basi. Mengine niachie."

Usiku ule, ambao ndio ulikuwa wa kulala, Mama Shukuru hakulala.

Alhamisi Fisi alifika mapema, akakaa benchi la mbele kabisa, ajulikane. Shukuru alikuwa miguuni mwa mama yake, ametoka kuogeshwa. Fisi alimtazama, akameza mate. Mengine yalimponyoka yakadondoka sakafuni, to, to, to.

Nguchiro akapanda juu ya benchi la nyuma ili aonekane. Akanong'ona, "Bwana unisamehe nikikosea," kisha akapaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina," Fisi akawahi. Siku hiyo alitaka Amina yake iwe kubwa kuliko ya nyati.

"Nashukuru kwa jua."

"Amina." To.

"Nashukuru kwa Ndugu Fisi."

"Amina." Macho yake hayakubanduka kwa Shukuru.

"Ambaye ana huruma."

"Amina." To, to.

"Na ambaye amekubali Shukuru abaki kwa mama yake, na yeye mwenyewe leo, kabla umande haujakauka, anahama bonde hili wala harudi tena."

"Aaamina," Fisi akaitikia, akajipangusa mdomo.

Safari hii kanisa lilimgeukia yeye.

"Mbona mnanitazama?"

Korongo akabadilisha mguu. "Ndugu Fisi, umeitikia kwamba unamwacha mtoto na unahama."

"Sikusikia."

"Ulikuwa macho, tumekuona."

"Macho ndiyo, lakini akili ilikuwa kwenye paja."

"Paja la nani?"

Fisi akakohoa, kho kho. "Kwenye mambo mengine, mchungaji. Ninachosema ni kwamba Amina ya asiyesikia haihesabiki. Ndiyo kanuni yenu."

"Ndiyo," Nguchiro akasema kutoka nyuma. "Basi na ya Mama Shukuru haihesabiki."

Fisi akacheka, kwi kwi kwi. Akamgeukia nyati, akaweka mkono kifuani.

"Ya mama inahesabika. Jana aliulizwa mbele yenu, akasema kwa kinywa chake kwamba alikuwa macho na alisikia. Mama wa kanisa hasemi uongo. Au husema?"

Mama Shukuru akakaona kamlango.

Alikaona, na akaona jinsi kalivyokuwa chini. Nyati mwenye pembe pana vile hawezi kukafunga bila kuinama hadi magoti. Watoto wa mkekani walimtazama. Akina mama walimtazama. Shukuru hakumtazama. Alikuwa amejificha uso kwenye ubavu wake, na Mama Shukuru aliusikia moyo wake mdogo unavyopiga.

Akasimama.

"Husema," akajibu. "Jana nilisema uongo. Nilikuwa nimelala."

Akawageukia wote.

"Siyo jana tu. Njooni mwone." Akaigusa nguzo. Kwenye mti ule palikuwa na shimo laini, limechongeka sawasawa na ncha ya pembe yake. "Hili shimo nimelichimba mimi, kila asubuhi, kwa usingizi. Nilipokuwa sina kitu niliomba. Mungu aliponipa, nikaona nimeshafika, nikauachia mdomo wangu uniabudie. Mchungaji, wenzangu, watoto, mnisamehe. Amina yangu ya jana ilikuwa ya mdomo. Mtoto sikumtoa. Niliyemlilia kwa machozi ningemtoaje nikiwa na akili zangu?"

Korongo akaushusha mguu wa pili. Hakuna aliyewahi kumwona amesimama kwa miguu yote miwili.

"Amina ya nyati haihesabiki, maana alilala," akasema. "Ya Fisi haihesabiki, maana alikuwa kwenye paja. Kwa hiyo Ndugu Fisi, hatukufukuzi kwa Amina yako. Ila kaa hapo mbele yetu utuambie, lile paja lilikuwa la nani?"

Fisi akatazama huku, pembe. Akatazama kule, kwato. Akaokota kitabu chake, akatoka, pyuu, hata kivumbi kikabaki mlangoni.

Nje ya kanisa Mama Shukuru alimwinamia Nguchiro, machozi yanamtiririka hadi puani.

"Jirani, nikupe nini? Umenirudishia mtoto."

"Mtoto umemrudisha wewe. Mimi nilimfungia Fisi tu." Kisha Nguchiro akaitazama kanga yake iliyolowa. "Ila kama unataka, nisaidie kuwaogesha hawa sita asubuhi. Na mimi natamani siku moja nifike mapema."

Basi, wadogo zangu, hadithi yangu inataka mkumbuke hili moja: siku Mungu anapokupa ulichoomba, siku hiyo ndiyo ya kuanza kuwa macho.

Kesho yake, Ijumaa, giza halijatoka vizuri, Mama Shukuru alibisha hodi kwa Nguchiro. Akawaogesha watoto wote sita, akawapandisha mgongoni, na Shukuru akafuata nyuma akiimba. Kwato zilikuwa zimelowa umande walipoingia kanisani. Hapakuwa na mtu. Benchi la mbele alilipita, akaenda kukaa nyuma, pembeni mwa jirani yake, mahali pasipo na nguzo. Akashukuru kwa maneno yake mwenyewe: kwa Shukuru, kwa jirani, na kwa kuamshwa.

Ibada ilipofika mwisho, Korongo aliomba, wote wakaitikia, akafunga kitabu. Mama Shukuru alikuwa bado anayacheua yale maneno, moja moja, kama anavyocheua majani. Watoto walikuwa wameshaanza kukunja mkeka ndipo ikasikika kutoka nyuma, ndogo, peke yake:

"Amina."